Msikifute Kipindi cha Sanaa

Machi 2020 shule za Afrika Mashariki zilifungwa ndani ya siku chache kwa sababu ya korona. Kenya ilitangaza tarehe 15, Tanzania tarehe 17, Uganda ikafuata. Tanzania iliwarudisha wanafunzi wote darasani tarehe 29 Juni mwaka huohuo. Kenya iliwaita baadhi mwezi Oktoba na waliobaki Januari 2021. Watoto wengi wa Uganda walisubiri hadi Januari 2022, karibu miaka miwili, na hakuna nchi nyingine duniani iliyofunga shule kwa muda mrefu kiasi hicho. Milango ilipofunguliwa, swali lilikuwa moja kila mahali: tutafidia vipi muda uliopotea? Majibu nayo yalifanana. Mihula ikabanwa, masomo ya jioni na ya Jumamosi yakaongezwa, na kila kisichoulizwa kwenye mtihani wa taifa kikasogezwa pembeni. Uchoraji, muziki, maigizo, ufinyanzi na ngoma vilikuwa miongoni mwa vya kwanza kuondoka.

Kwa maoni yangu uamuzi ule ulikuwa kosa, na shule nyingi hazijalirekebisha mpaka leo. Naandika haya kwa walimu, walimu wakuu, wajumbe wa kamati za shule na wazazi, kwa sababu sehemu kubwa ya kinachotakiwa kufanywa haihitaji waraka wa wizara wala fungu jipya la fedha. Inahitaji mtu mmoja mwenye sauti shuleni aseme kwamba kipindi cha sanaa hakiguswi.

Tukumbuke watoto walirudi na nini. Wapo waliozika babu na bibi bila matanga ya kawaida. Wapo ambao wazazi wao walipoteza kazi za hoteli na utalii kule Mombasa, Zanzibar na Arusha. Wapo waliokaa miezi katika chumba kimoja na mtu anayepiga. Wavulana walishika bodaboda, nyavu na kazi za machimboni, wakazoea kuwa na hela mfukoni. Wasichana wengine walipata mimba. Halafu wiki ya kwanza ya muhula wakapewa jaribio la hesabu ili ijulikane wamesahau kiasi gani. Hakuna aliyewauliza wamepitia nini, na hata angeuliza, watoto wachache sana wangeweza kusimama mbele ya wenzao themanini na kujibu.

Kenya iliona upande mmoja wa jambo hili mwishoni mwa 2021, pale mabweni ya shule kadhaa za sekondari yalipochomwa moto mwezi Oktoba na Novemba, katikati ya mihula iliyofupishwa na likizo za siku chache. Sababu zilikuwa nyingi na sitadai kwamba kwaya ingezima moto. Ninachosema ni kwamba wanafunzi waliochoka walikuwa wameondolewa karibu kila nafasi halali ya kuonyesha uchovu wao: mashindano, klabu, michezo ya jioni. Yalibaki madaftari na mitihani.

Mwalimu wa taaluma atauliza kama sanaa inasaidia matokeo. Ni swali la haki, na lina jibu. Huko Houston, Marekani, watafiti Daniel Bowen na Brian Kisida walifuatilia shule 42 zenye wanafunzi zaidi ya 10,000. Shule zilizoongezewa sanaa zilichaguliwa kwa bahati nasibu, kwa hiyo haikuwa rahisi kusema kwamba zilifanya vizuri kwa kuwa zilikuwa tajiri au zina walimu bora. Matokeo yaliyotolewa 2019 yalionyesha kwamba wanafunzi walioandikiwa makosa ya nidhamu walipungua kwa pointi 3.6 za asilimia, alama za uandishi zilipanda, na watoto walionyesha huruma zaidi kwa wenzao. Alama za hesabu hazikupanda kwa kiwango cha kutajwa, lakini hazikushuka pia. Hilo ndilo linalopaswa kusomwa kwa makini: saa zilizotolewa kwa sanaa hazikuyaumiza masomo mengine, na ziliacha faida ambayo saa nyingine ya mazoezi ya hesabu isingeleta. Mwaka huohuo ofisi ya Shirika la Afya Duniani ya kanda ya Ulaya ilichapisha mapitio ya tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya, na picha iliyojitokeza ilikuwa hiyohiyo: kuimba, kucheza, kuchora na kuigiza husaidia kuzuia maradhi, kupunguza msongo wa mawazo na kumrudisha mtu katika hali yake baada ya kuugua.

Lakini sisi hatukupaswa kungoja Houston. Ujuzi wa kutumia sanaa wakati wa maradhi na maumivu tunao hapa. Mwaka 1993, Ukimwi ukiwa umetanda, Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa redio wa Twende na Wakati. Mkoa wa Dodoma haukurushiwa mchezo huo miaka miwili ya mwanzo ili watafiti walinganishe, na walikuta waliousikiliza wamebadilika zaidi katika mambo ya uzazi wa mpango na kujikinga na virusi. Mwaka 1996 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiongozwa na Penina Mlama na Amandina Lihamba, walianzisha mradi wa Tuseme katika shule za sekondari. Wasichana walikuwa wanaacha shule, wanafeli, wanasumbuliwa kingono, na hawasemi. Tuseme iliwapa maigizo. Wanafunzi wenyewe walitafuta chanzo cha tatizo, wakatunga igizo, wakaliigiza mbele ya walimu na wazazi, kisha ukafunguliwa mjadala na kupangwa hatua za kuchukua. Baadaye shirika la elimu ya wasichana la FAWE liliipeleka njia hiyo katika nchi nyingine za Afrika. Hata leo, mwalimu anayetaka kujua wanafunzi wake walitoka na nini katika janga hana haja ya kubuni kitu kipya. Ashike njia ya Tuseme aipunguze iingie katika kipindi cha dakika arobaini.

Nitaeleza kwa kirefu jinsi ya kufanya, maana hapa ndipo wengi hukwama. Watoe watoto nje, chini ya mti au uwanjani, wasimame duara. Wapashe miili joto kwa mchezo wanaoujua. Ukuti ukuti unatosha kwa wadogo. Kisha wagawe katika makundi ya watu watano au sita. Kila kundi litengeneze sanamu kwa miili yao, bila kusema neno, ikionyesha nyumba moja wakati shule zimefungwa, au wakati maji ya mafuriko yameingia, au wakati kuna mgonjwa ndani. Washikilie sanamu hiyo huku wenzao wakitazama na kusema wanachokiona. Usiwasahihishe watazamaji. Mmoja ataona mama aliyechoka, mwingine ataona mama mwenye hasira, na wote wawili wako sawa. Halafu liambie kundi libadilishe sanamu yake hatua kwa hatua mpaka ifikie nyumba wanayoitaka. Mazungumzo yanayotokea kati ya sanamu ya kwanza na ya mwisho ndiyo somo lenyewe: nani alisogea kwanza, nani alikataa kusogea, kilihitajika nini.

Kuna masharti ambayo hayana mjadala. Mtoto aigize mtu mwingine, asijiigize mwenyewe. Jina la jirani au la mwanafunzi halitajwi. Asiyetaka kuigiza apewe kazi ya kupiga ngoma au kutazama, na asisukumwe kueleza kwa nini. Mwalimu asigeuke mpelelezi wa kumwandama mtoto kwa maswali mbele ya darasa. Na ikiwa mtoto atasema au kuonyesha jambo la ukatili, nyamaza hapo uwanjani, mfuate baadaye kwa faragha pamoja na mwalimu wa malezi na unasihi, na kama hali inatisha piga 116. Namba hiyo ya simu ya watoto hupigwa bila malipo Tanzania, Kenya na Uganda. Igizo hufungua mdomo wa mtoto, na shule inayofungua mdomo wa mtoto iwe imejiandaa kumlinda. Mwalimu asiye na mpango wa hatua hiyo ya pili asianze na ya kwanza.

Uchoraji unafaa zaidi kwa watoto wasiopenda kuonekana. Sababu inayotolewa mara zote ni ukosefu wa vifaa, na sikubaliani nayo. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia vipande vya mbao nyembamba za ujenzi na rangi za mafuta za kawaida, na mtindo wake ukabeba jina la nchi mpaka nje. Shule inaweza kuanza na mkaa, chokaa, udongo mwekundu uliolowekwa, majani yaliyopondwa na maboksi yaliyofunguliwa kutoka dukani. Udongo wa kufinyangia upo kando ya mito mingi. Kinachoharibu uchoraji katika shule zetu ni ile desturi ya mwalimu kuchora chungu ubaoni na darasa zima kukinakili, kisha alama zikatolewa kwa aliyekaribia chungu cha mwalimu. Hapo mtoto hufundishwa kutii, na kuona hakufundishwi. Mpe kichwa cha picha, kwa mfano njia ya kwenda nyumbani, au mtu ninayemkumbuka, umwache. Akimaliza, usimuulize hiki ni kitu gani. Mwambie akusimulie picha yake, na kama hataki, ibandike ukutani pamoja na nyingine na uendelee. Usimwekee alama. Nimeona walimu wazuri wakiandika sentensi moja chini ya picha, ile aliyoisema mtoto kwa mdomo wake, na sentensi hiyo ikawa somo la kusoma la siku inayofuata.

Kwa hilo nafika kwenye kusoma, wasiwasi mkubwa wa kila mzazi. Watoto wa madarasa ya chini waliokaa nyumbani walisahau silabi. Hapa ushairi wetu una kazi ambayo kitabu cha mazoezi hakiifanyi vizuri. Mstari wa shairi la kawaida una mizani kumi na sita, nane kila upande, na mizani ni silabi. Darasa linalopiga makofi kuhesabu mizani linagawa maneno kwa silabi bila kuambiwa kwamba linafanya zoezi. Linapotafuta kina linasikiliza mwisho wa neno. Baada ya hapo njoo kwenye ngonjera, aina ya ushairi wa majibizano ambayo Mathias Mnyampala aliieneza sana Tanzania miaka ya 1960. Ngonjera imekaa kana kwamba ilitungwa kwa ajili ya madarasa yetu yenye msongamano. Wanafunzi themanini huwa pande mbili za arobaini, kila upande una hoja yake, na hakuna anayebaki bila mstari. Wape mada wanayobishania kweli: simu ya mkononi shuleni, chanjo, kazi za nyumbani za wavulana na wasichana. Mwalimu asiwaletee ngonjera iliyokwisha kuandikwa ya kumsifu mgeni rasmi. Watunge wao.

Kuimba kuna tahadhari yake, na nisingependa mtu aipuuze kwa sababu ya mapenzi yake kwa muziki. Tarehe 10 Machi 2020 kwaya moja ya mji wa Mount Vernon, jimbo la Washington, ilifanya mazoezi ya saa mbili na nusu ndani ya jengo. Walikuwepo watu 61, mmoja akiwa na dalili. Watu 53 kwa jumla walihesabiwa kuwa wagonjwa, kati yao 33 wakithibitishwa kwa kipimo, na wawili walifariki. Kuimba kwa nguvu hurusha hewani chembe nyingi kuliko mazungumzo ya kawaida. Kwa hiyo penye ugonjwa unaoenea kwa hewa, kwaya itoke nje, watu waachane nafasi, vipindi viwe vifupi, na mwenye kikohozi abaki nyumbani. Sehemu kubwa ya muziki haina haja ya sauti kabisa: ngoma, makofi, kayamba, marimba, vifuniko vya chupa vilivyotungwa kwenye waya. Afrika Mashariki tuna bahati ya kuwa na uwanja na mwembe karibu na shule nyingi na hali ya hewa ya kuturuhusu kukaa nje. Tutumie.

Na shule zikifungwa tena? Sisemi hivi kwa kutisha watu. Uganda ilifunga muhula kabla ya wakati wake, Novemba 2022, kwa sababu ya Ebola. Mkoa wa Kagera, Tanzania, ulipata ugonjwa wa Marburg Machi 2023 na tena Januari 2025. Kipindupindu hakijatuacha, na mafuriko nayo hufunga shule. Kila shule iwe na mpango wa karatasi moja wa kazi ambazo mtoto atazifanya nyumbani bila intaneti wala umeme, na ndani yake ziwemo kazi za sanaa. Akusanye vitendawili kutoka kwa watu wazima wa mtaani. Amwombe bibi amfundishe wimbo aliocheza unyagoni au wa kuvunia, ule unaoruhusiwa kusikika na mtoto, aandike maneno yake. Atengeneze gari la waya au mwanasesere wa gunzi na kuandika hatua alizofuata. Achore ramani ya mtaa. Kazi hizi huwaunganisha wazee na watoto pale ambapo kila mtu amefungiwa kwake, na hazimwachi nyuma mtoto asiye na simu.

Redio na televisheni nazo zilifanya kazi nzuri shule zilipofungwa. Kenya ilikuwa na masomo ya taasisi yake ya mitaala, KICD, kupitia redio na chaneli yake ya elimu. Ubongo, waliozalisha Dar es Salaam vibonzo vya Ubongo Kids na Akili and Me, walionyesha miaka mingi kabla ya korona kwamba hesabu inaweza kuimbwa kwa Kiswahili na mtoto akaielewa. Wazazi, mtoto akitazama kipindi kama hicho, kaa naye, imba naye, kisha zima mwambie akuimbie yeye.

Sasa niseme jambo ambalo huenda halitawafurahisha wakuu wa shule wenye vikombe kabatini. Mashindano yana heshima yake. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza 1927, lile la maigizo 1959, na Tanzania ina ngoma na kwaya ndani ya UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi. Yamekuza vipaji vikubwa. Lakini mashindano huwagusa wanafunzi thelathini kati ya elfu moja, na katika baadhi ya shule hao thelathini hufundishwa na mtu wa kukodi, kwa igizo la kununua na mavazi yaliyochangiwa na wazazi wote. Mtoto mwenye huzuni, mwenye kigugumizi, asiye na sauti tamu, hachaguliwi kamwe, na huyo ndiye anayeihitaji sanaa kuliko wote. Kama shule yako ina fedha ya mavazi ya tamasha na haina kipindi cha kuchora cha darasa la tatu, basi imeanzia mwisho. Gawanya fedha hiyo.

Walimu wengi huniambia hawajui sanaa. Wanaijua zaidi ya wanavyodhani: wanaimba kanisani, wanasoma kasida, wanacheza harusini, wanasimulia hadithi kwa watoto wao. Pia wanaishi karibu na watu wanaojua. Fundi wa kufinyanga vyungu, mpiga zumari, msusi wa mikeka na mama anayechora hina ni walimu wa kualikwa kwa nauli na chai. Pale ambapo kuna chuo karibu, kama TaSUBa ya Bagamoyo au Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi cha Zanzibar, andika barua kuomba wanafunzi wao waje kufanya mazoezi kwako. Jambo moja tu: mgeni yeyote asiachwe peke yake na watoto, hata awe mashuhuri kiasi gani.

Na sheria sasa iko upande wenu. Mtaala mpya wa Tanzania ulioanza kutumika Januari 2024 una sanaa ndani yake kama somo la shule ya msingi. Kenya imeifanya Sanaa na Sayansi ya Michezo kuwa mmoja wa mikondo mitatu ya sekondari ya juu. Hata hivyo tunajua kilichotokea Kenya miaka ya mwanzo ya 2000, sanaa na muziki vilipoondolewa kwenye KCPE, uliokuwa mtihani wa kumaliza shule ya msingi: majina yalibaki kwenye ratiba ya ukutani, na saa zake zikaliwa na hesabu na Kiingereza. Somo huandikwa kwenye mtaala na likafa darasani bila mtu kutangaza msiba. Linalolilinda ni watu wanaofuatilia.

Kwa hiyo, mwalimu mkuu, kitengee kipindi cha sanaa siku ya katikati ya wiki, asubuhi, ambapo watoto bado wana nguvu, na usikubali kigeuzwe cha marudio hata mtihani wa majaribio ukikaribia. Mjumbe wa kamati, omba kuona kazi za watoto ukutani unapotembelea shule, kama unavyoomba kuona vyoo na madawati. Nawe mzazi, kwenye kikao kijacho simama uulize mambo matatu: kipindi cha sanaa cha darasa la mwanangu ni siku gani, nani anakifundisha, na mara ya mwisho kilifundishwa lini. Usikae mpaka ujibiwe.